Karai Lililoelekea Mgodini

Jumanne, 2 Septemba
Ofisi ya kijiji mpaka saa kumi. Barua za utambulisho, mihuri, mgogoro wa mpaka wa shamba. Mtendaji hakuja. Nimerudi chumbani, nimefunga mlango, nimewasha mashine. Imekataa tena.

Ni mashine ya gemu, ya tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Ubavuni ina tundu la waya wa simu ya mezani. Walioitengeneza walitaka watu wacheze pamoja kila mmoja akiwa kwake, enzi ambazo karibu hakuna aliyeweza. Seva zao zilizimwa. Sasa wapenzi wa mashine hizi wamewasha za kwao. Wambura, niliyesoma naye chuo, ni fundi simu Mugumu. Ana mashine kama yangu. Amenitumia kijikompyuta kinachoidanganya mashine kwamba imeunganishwa na laini ya simu. Kinachokosekana ni mtandao. Chumba hiki hakishiki mtandao.

Sina mwingine wa kuzungumza naye. Huo ndio ukweli.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimenunua karai Nyamongo, yale ya kuoshea dhahabu. Nimelifunga modemu ya kunasa mtandao katikati na kulipandisha juu ya bati, likatazama mnara wa simu. Mnara uko upande wa mgodi. Masanja, mpangaji wa chumba cha pili, mchimbaji kutoka Shinyanga, alinishikia ngazi.

"Karani, unaosha dhahabu ya mawinguni? Ukipata gramu usitusahau."

Mkewe, Mama Kulwa, alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu nihamie hapa.

Jumamosi, 6 Septemba
Imekubali. Mashine ilipiga namba, ikalia mlio wake, kama msumari unaokwaruza bati, ikanyamaza. Jina la Wambura likatokea. Gari lake lilikuwa linaruka: lipo nyuma yangu, halipo, limeshanipita. Mara nyingi mtandao ulikatika katikati ya mbio. Tumemaliza mbio moja tu. Nimeshindwa. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 8 Septemba
Jana usiku watu wamekamatwa wakiokota mawe ya dhahabu kwenye kifusi cha mgodi. Masanja yumo. Inasemekana walinzi walikuwa wanawasubiri. Kwa hiyo yuko aliyewaambia. Haya nimeyasikia nikigonga mihuri. Mikono ilikuwa baridi, na sikujua kwa nini.

Jumanne, 9 Septemba
Sasa najua.

Bodaboda wa kijiweni walinikazia macho nilipopita. Halafu mmoja: "Bosi, ripoti imefika?" Wakacheka. Si kicheko cha Masanja.

Jioni Mama Bhoke, mwenye nyumba, alisimama mlangoni, hakuingia. Watu wanasema karai linatazama mgodi. Wanasema jioni chumba changu kinalia kama redio ya walinzi. "Mimi nasema wewe ni mtoto wa watu, mura, kijana wangu. Lakini mimi ni mmoja."

Nikilishusha karai, nimekiri. Nikiliacha, nimekaidi. Naogopa. Nimesukuma meza hadi mlangoni.

Alhamisi, 11 Septemba
Jiwe limetua juu ya bati. Moja tu.

Mtendaji anasema nisubiri ritongo, baraza la wazee. Hawezi kunitetea kwa jambo asilolijua. Alisema hayo akipanga mafaili. Mama Kulwa nimekutana naye bombani. Aligeuza uso.

Jumamosi, 13 Septemba
Ritongo limekaa hapa uani. Nimewaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja. Wachache wameitikia. Nilieleza: ni mchezo, kuna mtu upande wa pili, tunashindana. Mzee Mwita, anayeliongoza baraza, akasema maneno ya karani ni matamu, kwa hiyo yasitumike. "Kinacholia kije kilie mbele yetu."

Nikatoa TV, meza, nyaya. Waya ulinishinda kuchomeka mpaka mzee akaagiza mtu anishikie. Mashine ikalia. Watu wakarudi nyuma. Ikakata. Ikalia tena, ikakata. Nyuma yangu mtu akasema, "Anaigiza huyo." Hatimaye ikashika. Likatokea jina langu peke yake. Wambura yuko msibani, simu amezima. Nimewaapia kuna mtu, na hakuna mtu.

Tukakaa. Kuku walipita mbele ya TV. Nilikuwa naangalia geti, umbali wake.

Kisha likaingia jina nisilolijua. Likaandika neno.

"Anasema nini?" Mzee Mwita akauliza.

"Anasalimu, tata. Sijui yuko nchi gani."

"Na wewe unamtazama tu? Mjibu. Kwenu hawakukufundisha?"

Nikamjibu, nikichagua herufi mojamoja kwa pedi ya kuchezea, na wazee wakingoja kila herufi. Mbio zikaanza. Gari la mgeni likaruka, likapotea, likatokea mbele. Mzee mmoja akauliza kama gari hilo limerogwa, na uani pakapasuka kicheko. Mzee Mwita hakucheka. Alitazama mpaka mwisho.

"Huyu ni mtoto anacheza. Hana habari ya kumpelekea mtu. Hilo karai lishuke, watu walale."

Nimeaibika. Nimeshukuru. Nimelishusha.

Jumapili, 14 Septemba
Nilidhani leo nitapumua.

Baada ya ibada Mama Kulwa alikuja. Alikataa kiti. "Karani, yule mtu wa mbali aliyekujibu. Muulize wamempeleka wapi mume wangu."

Wiki nzima hajui. Nilimweleza kwamba yule ni mtu wa kucheza tu, hata Tarime hajawahi kuisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wewe umesoma. Mimi kituoni wananiambia njoo kesho. Twende wote."

Nikasema nitafikiria. Neno la woga. Jana nimesafishwa, kesho nionekane naingia polisi? Wa kijiweni hawatauliza nimefuata nini. Wazee hawatakaa tena kwa ajili yangu. Na jiwe halitakuwa moja.

Kupitia ukutani namsikia anawalaza watoto. Hawaelezi kitu. Anawaambia walale.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeomba ruhusa kazini. Kijiweni mimi na Mama Kulwa tumepanda pikipiki moja, watatu na dereva. Dereva alinitazama kwenye kioo mara kwa mara mpaka Tarime mjini.

Kaunta. Askari akauliza tunamtafuta nani. Mama Kulwa akanigeukia. Nikataja jina kamili la Masanja, kijiji, siku aliyokamatwa. Sauti ilinitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Askari akaandika, akatuambia tusubiri, akaingia ndani.

Dereva wetu hakuondoka. Kupitia mlango nilimwona ng'ambo ya barabara, simu sikioni, macho kwetu. Mama Kulwa alimwona pia.

"Ukitaka, nenda," alisema taratibu. "Jina nimeshalisikia unavyolisema. Nitalisema."

Benchi lilikuwa fupi na limejaa. Nilibaki nimesimama, kisha nikamwomba Mama Kulwa asogee kidogo, nikae.