Fundi, Nimerudisha Wembamba Wako

Fundi wangu Jilala,

Shangazi yako yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya habari za studio yetu ya picha hapa Bariadi. Sengi Nkwimba, aliyewalea wewe na mdogo wako Maduhu baada ya mama yenu kufariki, yuko hai na amelala kwake Kimali. Mimi ndiye sijui wiki ijayo nitakuwa wapi. Mtu pekee ambaye angesimama pale Kimali akasema neno likasikika ni wewe, na wewe ndiye tuliyekuzika. Sasa nimwambie nani?

Tulipotoka kuzika, Maduhu alianza kuwawekea wageni wa msiba video ya harusi ya binti yako Kija. Mwanzoni nilifurahi. Siku ile kamera nilishika mimi, maana baba wa bibi harusi hawezi kujipiga picha mwenyewe, ingawa ulijaribu. Ulikuwa humo ukiwatania wakwe, ukicheza vibaya kama kawaida yako. Lakini watu wakaanza kusema. Tazameni mashavu yake. Tazameni alivyonona. Halafu miezi michache tu, tumezika mifupa. Hospitali walisema ni sukari na Maduhu alisikia kwa masikio yake, lakini akauliza ni sukari gani hiyo inayommaliza mtu mnene namna ile.

Kisha wakaiona ile sehemu. Sengi anakupa kibuyu cha maziwa, unakunywa, unajifuta mdomo kwa kiganja, unacheka. Ikawa wanairudisha, wanaisimamisha, wanairudisha tena. "Hapo ndipo alipoanza," Maduhu alisema. "Kabla ya hapo alikuwa mzima, kila mwenye macho anaona."

Unajua kwetu neno la namna hiyo likishatoka mdomoni halina wa kulirudisha. Sengi ni mjane, mzee, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na hayo tu yanatosha kumwita mchawi. Walimpa mpaka siku ya mnada awe ameondoka. Vijana wakaongeza kwamba asipoondoka mwenyewe ataondolewa. Mke wako akanipigia simu analia. "Minza," aliniambia, "ile video itamuua Sengi, mayu wetu."

Fundi, nilikasirika nawe siku hiyo. Nakwambia ukweli, nilikukasirikia na huku nakulilia. Kwa sababu hukuwa mnene. Asubuhi ya harusi ulitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, ukasema ngozi ya mkanda siku hizi inalegea. Mnene ulijifanya mwenyewe, kwa mkono wako, siku ulipoandaa flashi ya familia.

Kamera yetu ni ya zamani, picha yake inakaribia mraba, na TV za sasa ni pana. Wateja walikuwa wanalalamikia ile michirizi myeusi ya pembeni: mbona TV yangu haijajaa? Dawa yako ilikuwa rahisi. Ndani ya kila faili la video kuna maelezo yanayoiambia TV ionyeshe picha kwa upana gani na urefu gani. Uliyabadilisha maelezo hayo yawe ya picha pana. TV ikajaa, na watu wote wakavutwa pembeni wakanenepa. "Mteja akinenepa harudishi kazi," ulikuwa unasema, na hapo ulikuwa na haki yako, maana Usukumani nani atakuja kushtaki kwamba ameonekana ameshiba?

Ulinifundisha hilo wiki yangu ya kwanza. Wenzetu wanarenda, ulisema, kompyuta inaipika video nzima upya, inakula mchana kutwa, na picha inatoka imechujuka. Sisi hatupiki upya, tunabadilisha sahani. Amri moja fupi, picha na sauti vinanakiliwa vilevile vilivyo, maelezo ya umbo tu ndiyo yanakuwa mapya. Nakumbuka yule mfanyabiashara wa Nyalikungu aliyetaka video yake ya zamani tuiandikie namba kubwa iwe ya ubora wa juu. Ulimwambia namba nitakuandikia hata ukitaka ya uwanja wa mpira, lakini nukta za picha ni zilezile, kama vile kuandika ng'ombe mia kwenye karatasi hakukuongezei hata ndama zizini. Aliondoka amenuna, sisi tukacheka mpaka chai ikapoa.

Basi nilikaa kwenye kiti chako nikaandika umbo la kweli la kamera. Nikafungua faili. Nikakuona.

Ulikuwa umekwisha, Fundi. Shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola. Mashavu yalikuwa yameingia, mishipa ya mikono imesimama, na ulikuwa unacheza na kumshikilia Kija begani, nami nilidhani unamshikilia kwa furaha. Nililia mpaka mteja aliyefuata picha za pasipoti akaondoka kimyakimya. Tulikaa wote kila siku na macho yangu yakakuzoea hivyohivyo ulivyokuwa unapungua.

Nilibeba kompyuta ndogo ya studio, nikapanda basi mpaka Mwanhuzi, nikachukua bodaboda mpaka Kimali. Walikuwa wamekusanyika uani, TV imetolewa nje kwenye kivuli cha ukuta. Niliwawekea. Maduhu hakusubiri hata dakika. "Umemkondesha kwa kompyuta," alisema, na wengi wakaitikia.

Nilitarajia hilo. Nikawapeleka pale wasindikizaji wanapoingia na baiskeli zilizofungwa vitambaa, nikaisimamisha video ileile waliyoizoea. Nikawauliza gurudumu lile lina umbo gani. Lilikuwa yai, na walikuwa wameliangalia tangu msiba bila kuliona. Nikaweka ya kwangu, gurudumu likawa duara. Nikaibadilisha mbele yao ikawa ya zamani, nikaibadilisha tena, na kila mara haikuchukua hata muda wa kumimina kikombe cha chai. Duara, wewe umekonda. Yai, wewe umenona. Kama ningeipika upya wasingekubali, wangesema nimetia viungo vyangu humo. Mzee mmoja fundi baiskeli alikohoa, akasema, "Baiskeli ya magurudumu ya yai haifiki mnadani." Hakuna aliyecheka.

Mke wako alijifunika uso kwa kanga. "Kumbe alimuozesha mtoto akiwa hivi," alisema, akarudia tena na tena. Sengi alipoletwa hakuitazama TV kabisa. Aliuliza tu, "Mmemaliza?"

Nilifurahi, Fundi. Nilisimama pale nikafikiri tumeshinda, mimi na wewe.

Maduhu alikuwa bado anaangalia kioo cha TV. Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. "Kwa hiyo alianza kukonda kabla ya harusi," alisema. "Basi aliyemmaliza hakuwa hapa Kimali. Alikuwa naye Bariadi." Akanigeukia. "Wewe msichana, wewe ng'waniki, huko studio nani alikuwa anampikia?"

Nilisema ni mimi. Ningesema nini? Wote wanajua ulikuwa unarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, na chakula chako kilikuwa michembe yangu ya viazi vikavu na maziwa, ugali wangu na dagaa wa Lamadi. Sengi ndiye aliyenishika mkono, akanitoa mpaka barabarani, akanipandisha bodaboda mwenyewe. "Wabeja, mwanangu," alinishukuru, halafu akaninong'oneza nisirudi tena.

Tangu hapo Maduhu hapigi simu, anatuma salamu. Jana vijana wawili nisiowajua walikaa ng'ambo ya barabara kutwa, hawanunui kitu, hawaongei. Mke wako amenipa habari kwamba Jumatatu wanakuja watu wa ukoo "kuniuliza". Nimekwenda kwa mtendaji wa mtaa, nimekwenda hata polisi. Wamenisikiliza vizuri, wameandika jina langu, wameniambia nikiona jambo nipige simu. Mama yangu anataka nikimbilie kwa ndugu zake Geita. Nikikimbia ndiyo nimejishtaki.

Na kuna kitu kingine, ambacho siwezi kumwambia mama. Flashi ya familia niliondoka nayo, ninayo hapa. Kwa amri ileile uliyonifundisha naweza kukunenepesha tena. Naweza kumpigia Maduhu nikamwambia gurudumu lile lilikuwa ujanja wangu, nilimwonea huruma bibi kizee, nisameheni. Ataamini. Alitaka kuamini tangu mwanzo. Wataniacha, watarudi kwa Sengi, nami nitaendelea kupiga picha za pasipoti. Nimeiandika hiyo amri, Fundi. Imekaa kwenye kioo tangu asubuhi inasubiri kidole. Sitakudanganya, naogopa kufa. Mara mbili nimeweka kidole pale nikakitoa, na mara zote mbili nilikuwa nasali usiwe unaniona.

Nimeifuta sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu.

Nimemtumia Kija nakala ya kweli, na nyingine nimempa mtendaji, ili wakinifanya lolote, Sengi asibaki mikono mitupu. Mengine siyajui. Pumzika, Fundi. Wabeja kwa ujuzi ulioniachia, ingawa leo natamani ungeniachia kazi ya kuuza nyanya.

Nakuahidi sitakunenepesha tena kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa ajili yangu. Jumatatu wakija wakaniuliza nani alikuwa anakupikia, nitawajibu ni mimi. Nitawaambia ulikuwa unaumwa, nami sikujua, na kwamba kila nilichokupakulia ulikimaliza ukanishukuru.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Minza