Jina Lako Chini ya Gundi

S.L.P. 62,
Tarlow, Mississippi.
9 Oktoba 2019

Mpendwa dada Verlene,

U hali gani huko Minnesota? Baridi imeshaanza? Na goti lako je? Sisi hatujambo, ila Hollis wangu bado anakula kambare wa kukaanga kana kwamba daktari hakusema kitu. Nimekukumbuka mno, dada, hata naona haya kuandika.

Akademi yetu inatimiza miaka hamsini Januari, nami nilipewa kazi ya kuandika historia yake. Niliandika kwamba mahakama iliamuru weusi na weupe wasome pamoja, na wiki mbili baadaye baba na wenzake wakafungua shule hii ya weupe watupu kwenye kiwanda cha zamani cha mashati. Roylene, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, akang'aka, "Glenda, usituletee balaa! Andika tulitaka madarasa madogo, basi." Nikamwuliza, "Kwani weusi walitaka makubwa?" Hakucheka.

Kwa sherehe wamepanga vitabu vyetu vya kwanza kwenye kabati la kioo. Wamesahau vilikotoka! Gundi imezeeka, karatasi tulizobandika zimebanduka, na chini yake upo muhuri wa shule ya serikali. Wazazi walivibeba kutoka huko kwa matrela ya pamba, sisi wasichana tukapewa gundi tufiche mihuri. Kimoja kina orodha ya waazimaji, na jina la mwisho ni lako, kwa mwandiko wako. Nililifunika mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijua ninachofanya.

Wewe ulikataa kuhama, ukabaki shule ya serikali na wanafunzi weusi mpaka ukamaliza. Baba alikununia miezi mitano mezani, nami nikakununia pia ili anipende. Siku uliyoondoka nilikaa chumbani, sikutoka kukuaga. Linaniuma hadi leo.

Historia yangu wameikata nusu, kwa hiyo nimeacha kazi yao. Roylene haniamkii kanisani, na nimeona si kitu.

Njoo, dada. Si kwenye sherehe yao. Shule yako ingali wazi, na mimi sijawahi kukanyaga mlango wake. Nataka unishike mkono uniingize, unionyeshe ulipokuwa ukikaa.

Nisalimie shemeji Arne na binti yenu Kirsten. Shangazi Ouida bado anakuulizia. Mungu aulainishe moyo wako juu yangu, na usipolainika, akutunze vivyo hivyo.

Mdogo wako akupendaye,
Glenda