Bajia za Nirmala

Mjukuu wangu Nambozo,

Huku Malukhu tu wazima. Dada yako amejifungua salama. Umeuliza kwa nini nachukia tamasha la ngoma na vyakula vya makabila yote.

Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa, Jinja waliandaa tamasha kama hilo. Nilikwenda na wapiga ngoma wetu, nikapika malewa, yale machipukizi ya mianzi yetu. Mwanajeshi mmoja akaniamuru nikaange na bajia, wageni waone Wahindi nao wamo.

"Mpika bajia ni jirani yangu Nirmala, afande. Mmemfukuza juzi tu!"

Alinizaba kofi, akamwaga malewa yangu. Wapiga ngoma wetu waliacha kupiga, wakabeba ngoma zao, tukaondoka pamoja.

Hasira haijanitoka. Wewe nenda ukacheze, ila tazama nani hayupo.

Bibi yako akupendaye