Maua Meupe Yaliyomlewesha Kidevu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wakiamka wasitoke uani mpaka uwe umeng'oa yale maua yako meupe, yote, pamoja na mizizi. Vaa glavu. Yafunge kwenye mfuko, usiyaache chini.

Nilipokuuliza kama yale maua ya porini yanafaa kuwa karibu na mbwa, ulinicheka. "Mbwa hali maua, mama." Basi leo alfajiri nimemkuta Kidevu anayumba kama mlevi, macho yamemtoka, anajigonga ukutani, na ua lako limetafunwa nusu. Nilikuita. Ukajivuta shuka, ukageukia upande wa pili. Nimembeba mwenyewe mpaka kwa daktari wa mifugo, na uzito wake unaujua.

Daktari anasema huo ni mnanaha, sumu tupu kuanzia jani mpaka mbegu. Amemtundikia dripu. Anadhani atapona, ila leo asiachwe peke yake. Nimerudi kuchukua blanketi lake tu, nikakukuta bado unakoroma.

~~Usije huko.~~ Ukishang'oa, wapeleke watoto kwa shangazi yao, kisha uje. Uingie taratibu, kelele zinamtia hofu.

Jambo jingine. Daktari aliuliza nani aliupanda mmea huo nyumbani kwenye mbwa. Nikaona aibu kukutaja, nikasema umejiotea. Ukifika umwambie ukweli kwa kinywa chako, maana mimi sikusemei uongo tena.

Mama watoto