Moto wa Njia Panda ya Reli

Bibi yangu mpenzi,

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu muda wote. Sijamwambia mtu mwingine, wala sitamwambia.

Kamwene, Bibi. Nisamehe kwa kutanguliza hayo kabla ya salamu, niliogopa nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Tosamaganga? Mimi ni mzima. Shangazi ananitunza vizuri, na siku hizi nawahudumia wateja wake wa chakula bila kuangalia chini. Ningekupigia, lakini simu yako ukiiweka sauti kubwa hata majirani wanaitikia. Ndiyo maana nimempa barua binamu wa Ilomba, anakuja huko.

Soko jipya limekamilika hapa mpakani, pale reli ndogo ya maghala inapoachana na ile kubwa. Mwenyekiti wa mtaa alisema wenyeji wa njia panda wachague meza kwanza. Basi ukazuka ubishi: wenyeji ni akina nani? Sisi watu wa reli tulisema kabla ya reli hapakuwa na mji. Wenzetu wa ng'ambo ya reli wakasema reli iliukuta mji. Bibi Namwinga, anayechoma mahindi kando ya reli tangu ujana wake, aliambiwa ahamie nyuma karibu na choo, eti watu wake walikuja baadaye. Na nyuma huko abiria hawafiki. Angekula nini?

Shangazi ndiye alikuwa msemaji wetu. "Baba yangu alipofika hapa na wajenzi alikuta simba tu!"

Mzee Siwale, shemeji yake Bibi Namwinga, akamjibu, "Na huyo simba ndiye aliyempa baba yako moto?"

Watu walicheka. Nilikumbuka ulivyonisimulia tukipukuchua maharage: mlifika na Babu mvua ikinyesha, kuni zimelowa, ukavuka njia kwenda kuomba moto kwa mama mmoja mwenye shamba la ulezi. Ukasema, "Babu yako alipenda simba wake, lakini ugali wa kwanza tuliupika kwa moto wa watu." Yule mama ndiye aliyemzaa Bibi Namwinga.

Ningesemaje, Bibi? Nisimame mbele ya mkutano nimwambie Shangazi kwamba baba yake alitia chumvi? Unanijua, hata darasani nilikuwa najibu kwa kunong'ona.

Siku ya mkutano wa mwisho Shangazi alijitolea kuandaa chai, mimi nikawekwa jikoni. Wazee walipokwisha kukaa, nilichukua kipande cha bati, nikavuka reli mbele ya macho yao wote, nikapiga magoti kwa Bibi Namwinga, penye jiko lake la mahindi.

"Shikamoo Bibi. Naomba moto."

Mkutano mzima ukageuka kututazama. Hapa, kama huko kwetu, anayeomba moto ndiye mgeni. Bibi Namwinga alinitazama mpaka nikadhani ameliona lile umbo la kiberiti kwenye aproni. Kisha akachagua makaa mazuri, akaniwekea na gunzi juu yake.

"Nenda polepole, mjukuu wangu. Upepo huu mkorofi."

Nilirudi nayo, nikachochea, chai ikachemka, wakanywa. Shangazi alikuwa akinikazia macho tu. Alipoinuka kuanza tena habari za simba, mwenyekiti akainua kikombe chake.

"Mama, chai yako tamu. Imechemka kwa moto wa nani?"

Mzee Siwale alicheka mpaka akavua kofia. "Wahehe! Mmekuja na reli nzima, kiberiti mmesahau!"

Shangazi akapiga makofi mawili, akakaa. "Mtoto huyu ametuuza," akasema, halafu naye akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi Namwinga akaitwa achague kwanza, akachukua meza ya mbele, inayotazama treni. Alipoulizwa anataka jirani gani, akamwonyesha Shangazi. Sasa wanagombania wateja kutwa nzima na kuazimana chumvi.

Shangazi anamwambia kila mtu, "Mtoto wa watu ana haya, mila hajui." Mimi nainama, nasugua sufuria. Lakini kusema kweli, Bibi, siogopi tena kusimama mbele ya watu. Nikitumwa kuvuka ile reli, navuka.

Msalimie Baba, mwambie kazi naiweza. Msalimie Mama, na mdogo wangu anayelala kitandani kwangu; asizoee sana. Msalimie na yule mama jirani anayekutekea maji.

Ila habari ya kiberiti ibaki kwetu sisi wawili. Shangazi akipiga simu akuulize Babu alikuta nini hapa, mwache na simba wake. Wewe kohoa tu, useme goti linauma.

Mke mwenzio mdogo,
Atu