Rola, Mkanda au Cheni

Jumanne, 11 Machi 2025

Baba ametamka. Pikipiki yangu ndogo ikimbeba hadi sokoni Migori Jumapili, kibanda cha nyuma ni changu, nifanye humo ufundi wangu. Isipombeba, Jumatatu naenda Oyugis kumsaidia Mjomba Okari kuuza magodoro. Magodoro! Nimesomea uhandisi ili nibonyeze magodoro mbele ya wateja?

Fremu ninayo. Magurudumu ya toroli, ninayo. Injini ni ya pampu ambayo jirani yetu Otieno alikuwa akivutia maji kwenye shimo la dhahabu kule Masara. Kinachokosekana ni njia ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Yaani kila kitu.

Nimechagua rola – chuma cha mviringo kinachosugua tairi moja kwa moja. Wazo safi. Nimelipenda mpaka naona aibu.

Jumatano, 12 Machi

Imerudi nyuma.

Nimepanda, nikaongeza moto, ikanipeleka kinyumenyume hadi ndani ya banda la kuku la Mama. Bila shaka! Rola likizunguka mbele, tairi linazunguka nyuma. Mtoto wa shule anajua. Kaka yangu Duke, wa boda boda, amecheka hadi akakaa chini. "Injinia, hii ni ya kuwatoroka polisi bila kuwapa mgongo." Kuigeuza injini siwezi, bomba la ekzosi litanichoma paja.

Alhamisi, 13 Machi

Mkanda. Mellen wa kinu cha posho amenipa uliochakaa. Na imeenda mbele! Utukufu, kutoka kibandani hadi kwenye kamba ya nguo. Kisha Duke akapakia gunia la mahindi, ili tukaribie uzito wa Baba. Mkanda ukateleza, ukafuka moshi wenye harufu ya ugali ulioungua. Kumbe ulijaa unga.

Duke: "Sista, Mjomba anapenda watu wanaoamka mapema."

Ijumaa, 14 Machi

Cheni, basi. Ya boda ya Duke, kuukuu. Haitelezi, haina huruma. Ila sina klachi: injini ikiwaka, gurudumu linazunguka, kusimama ni kuzima. Nimekubali.

Nilibakiza kiungo kimoja tu cha kufunga, jua likazama. Mama mlangoni: "Nyatichi, Sabato imeingia. Weka chini." Mama, dakika moja! "Hata Mungu alipumzika, na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo."

Jumamosi, 15 Machi

Kanisani na grisi kwenye kucha. Wakati wa mahubiri nimejikuta nikihesabu meno ya sproketi, lile gurudumu linaloshika cheni. Kichwani tu – hiyo nayo ni kazi?

Naogopa. Si kwamba Mjomba ni mkali. Naogopa kwa sababu ni mwema, duka lina kivuli, na nitazoea.

Jua lilipozama nilikuwa tayari nimepiga magoti. Kando ya gurudumu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa langoni. Baba alipanda na koti lake la harusi za watu, magoti karibu na masikio. Duke akainua nyuma, nikavuta kamba, ikawaka, akaishusha. Akaondoka! Mbele! Mama alipiga kigelegele kabla hajakumbuka yuko upande wa magodoro.

Ndipo nikakumbuka. Sikumwonyesha swichi ya kuzima. Iko chini ya kiti. Na juu ya kiti yuko Baba.

Duke amemfuata kwa boda. Otieno amepiga simu kutoka sokoni: "Nyathina, mwanangu, baba yako amepita hapa. Nimemsalimia, hakusimama." Nikamuuliza Baba alikuwaje. Alikuwa anaimba, anasema Otieno. Au anapiga mayowe. Hana hakika, ile injini ina kelele.

Mama anataka kujua: kupita sokoni ni kufika sokoni?

Simu tena – Baba mwenyewe! Yuko barabara ya Kehancha, mbali kupita soko, imezimika. Nimesema pole sana Baba, Duke yuko njiani, atakuvuta.

Akanikata: "Anivute, kwani mimi ni ng'ombe? Mwambie alete petroli."

Mama amesimama na begi langu la Oyugis mkononi. Ananiuliza aliweke wapi.