Mkamwana wa Kaluki

Jumanne, 2 Agosti 1988

Nimepata kazi! Na sikuitafuta. Imenijia hapa hapa Mbumbuni nikiwa nafua nguo. Mtu mrefu, koti la suti, viatu vyekundu kwa vumbi, akaniuliza kama mimi ndiye "ule mama huandika watu wamekufa". Nikamwambia ndiye. Majirani wakaanza kuchungulia. Hapa sokoni wana msemo wao: ukimwona Ndinda na kalamu, uliza nani amefariki. Waseme. Miaka yote hii nayaandikia magazeti ya Nairobi jinsi Wakamba wanavyozika na walivyozika zamani, na wahariri hunijibu kwamba wasomaji hawataki habari za makaburi. Leo kaburi limenitafuta lenyewe.

Mgeni anaitwa Jonah, wa Nunguni. Amefiwa na Kaluki, mjane wa marehemu Mutie. Huyo Mutie alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Jonah. Mazishi ni Jumamosi. Anataka niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa mbele ya watu — "ile Kiswahili ya redio, dada, kuna wageni wa Nairobi." Kaluki hakuzaa, akasema, kwa hivyo mtu wake wa karibu ni yeye Jonah. Nikauliza marehemu alikuwa akiishi na nani. Ni mama mmoja wa kutoka Kwa Vonza, Nzilani, msaidizi wa nyumbani, na watoto wake. Huyo nimweke mwishoni, kwa wale wa kushukuriwa.

Msaidizi wa nyumbani, na watoto, miaka yote hiyo, kwa mjane asiyezaa, na hapa ni Ukambani. Jonah ananiona mtoto wa jana. Kesho naenda kujionea.

Jumatano, 3 Agosti

Nunguni. Ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kung'oa meno. Nimemkuta Nzilani akichambua maharagwe ya wageni, leso kichwani, macho yamevimba. Na ni kama nilivyodhani! Ni iweto — mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiye na mtoto, amzalie watoto wa kuendeleza nyumba. Kaluki alikuwa mjane tayari alipomtoa Kwa Vonza, akapeleka kwao mbuzi wa ndoa kama mwanamume yeyote anavyopeleka. Nimeiandika desturi hii mara ngapi! Lakini kuiona imekaa mbele yangu inachambua maharagwe, hilo ni jambo jingine.

Nikamuuliza walioshuhudia hao mbuzi. Wamekufa wote. Nikamwambia Jonah anataka aandikweje. Hakulia. Alisema tu, "Tumekula sahani moja na yeye hiyo miaka yote. Sasa naambiwa mimi nilikuwa wa kuosha hiyo sahani."

Nimekasirika mpaka nikakunja karatasi ya Jonah na kuitia mfukoni. Zamani hizo, wengi wa watu wetu hawakuzikwa hata kidogo, walipelekwa porini, na kila mtu alijua nani ni wa nani bila kuandikiwa. Siku hizi tunasoma programu ya mazishi. Ukiandikwa kwa familia, unabaki nyumbani. Ukiandikwa kwa shukrani, unapewa sufuria na kuoneshwa njia. Na Kaluki ameacha kahawa kando ya barabara, kahawa nzuri, ambayo Jonah ameshaipima kwa macho.

Lakini kuna kitu nimekiokota. Kifungua mimba wa Nzilani ni fundi wa baiskeli, kijana wa mabega mapana, na jina lake ni Mutie. Jina la mume wa Kaluki, babu yake kwa desturi! Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na tangu siku hiyo jamaa humwita vile walivyokuwa wakimwita yule babu. Mke wa Jonah, aliyekuja kusaidia jikoni, ndiye aliyenichekea: "Hata mzee wangu humwita Baba. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni."

Baba! Jonah mwenye mvi! Nimecheka njia nzima nikishuka.

Alhamisi, 4 Agosti

Leo niandike polepole nisiruke kitu, maana nitataka kuisoma nikizeeka.

Naibu wa chifu, Bwana Kiilu, alituita ofisini kwake aamue Nzilani ni nani katika nyumba ya Kaluki. Tulijaa hadi nje. Jonah ndiye aliyesema kwanza, na huyo mtu anajua kusema. Akatangaza kwamba hiyo maneno ya mama kuoa mama ni ya giza, wao waliokoka. Kwamba Nzilani aliandikwa kazi. Kwamba watoto alikuja nao mimba kutoka huko kwao. Na jina? Jina ni jina tu, akina Mutie wako wengi, hata Machakos wako. "Kama kulikuwa na mbuzi," akamalizia, "alete mtu mmoja tu alikula hiyo nyama."

Nzilani hakuwa na mtu. Alitazama sakafu. Kiilu akakuna kidevu, na nikaona kabisa ofisi nzima inaelekea upande wa suti.

Mimi sikusema neno. Kazi yangu nilikuwa nimeifanya asubuhi: nilimwambia Mutie asimame mlangoni. Asiingie, asitoke, asimpishe mtu mpaka aombwe. Mlango wenyewe mwembamba.

Jonah akaona ameshinda. Akachukua kofia yake atoke nje apate hewa wakati Kiilu akifikiri. Akafika mlangoni, akamkuta Mutie, na bila kufikiri, kwa sauti yake ya siku zote:

"Baba, hebu nipishe."

Halafu mama mmoja pale nyuma akaanza kucheka, mwingine akapokea, na kicheko kikazunguka ofisi mpaka kikamfika Kiilu mwenyewe, akalaza kichwa juu ya meza. Jonah akabaki palepale kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kiilu alipokwisha kujifuta machozi aliuliza kwa upole sana: "Mzee Jonah, huyu mtoto wa mfanyakazi amekuwa baba yako tangu lini?"

Hakuna Mkamba anayemwita mtoto wa kuokota kwa cheo cha mkubwa wa boma. Kiilu akaamua hivyo hivyo: Nzilani azike kama mtu wa nyumba, watoto waandikwe wajukuu wa Kaluki, na wasifu aandike Ndinda bila kuongozwa mkono. Mambo ya shamba yatakuja baada ya mazishi, lakini kila mtu alijua sasa yatakwenda upande gani.

Nimeshinda! Tena bila kufungua mdomo. Wanaonijua hawataamini. Nzilani alinishika mkono pale nje akanishukuru kwa Kikamba, na mimi, niliyezoea vilio vya watu, nikashindwa kumtazama usoni kwa kutaka kulia.

Ijumaa, 5 Agosti

Pasta Ndolo, atakayeongoza mazishi, ameukataa wasifu wangu. Maneno "mke wa marehemu Kaluki" hayatasomwa mbele ya kanisa lake. Anasema waumini watapotea. Nilimwelewa, sikumpenda. Nikarudi jikoni kwa Nzilani nikatafuta neno mpaka chai ikaota ngozi.

Mkamwana, mke wa mwana! Na si ujanja, ndivyo desturi yenyewe inavyosema: iweto huolewa kwa ajili ya mwana ambaye yule mama hakumpata. Wakiwa peke yao hata akina mama wa kanisa humwita Nzilani hivyo hivyo. Nikampelekea Pasta karatasi mpya. Akasoma, akainua macho.

"Mkamwana wa mwana gani? Kaluki hakuwa na mwana."

"Yule aliyekuwa akimwomba kwa Mungu hapa kanisani kwako, Pasta."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akatia tiki. Neno moja tu, na ni zuri kuliko makala zangu zote walizonirudishia Nairobi!

Jonah hajaonekana tangu jana. Mkewe anasema yuko nyumbani, hali chakula vizuri, hasemi. Kidogo namhurumia. Kidogo sana.

Jumamosi, 6 Agosti

Naandika kwenye benchi, daftari juu ya mkoba. Mwanamke aliye kando yangu ananitazama vibaya. Atazoea.

Watu wamejaa hadi barabarani. Ukungu umeinuka. Pasta amesoma wasifu wangu wote, hakuruka hata nukta. Alipofika "ameacha mkamwana wake mpendwa, Nzilani, na wajukuu", akina mama waliitika Amina bila kuombwa. Nzilani yuko kiti cha mbele, kile cha mfiwa mkubwa. Aproni bado kiunoni, amesahau kuivua. Nimeona raha ambayo sina haja ya kuificha, hata kama ni mazishi.

Jonah amekuja. Suti ile ile. Wakati wa nyimbo alisimama nyuma peke yake. Nilidhani nikimwona hivyo nitafurahi, na nimefurahi.

Sanduku limeshuka. Nzilani ametupa udongo wa kwanza kwa mkono. Mutie akafuata kwa sepeto. Sasa Pasta ameita jamaa wengine, na Jonah anakuja mbele. Watu wanamwachia njia. Amefika — ila sepeto iko mikononi mwa Mutie, na Mutie amesimama katikati yake na kaburi. Leo si mimi niliyemwambia asimame hapo.

Mutie hasogei. Jonah angeweza kuzunguka, nafasi ipo. Hazunguki. Wimbo umekatika, hata Pasta ameshusha kitabu chake. Nzilani ameinuka kitini.

Jonah amevua kofia. Amenyoosha mkono kuomba sepeto, anafungua mdomo, na sisi wote tunangoja kusikia atamwitaje —